Ahadi ya njia za baiskeli Nairobi imekosa mwenyewe

KABLA ya saa kumi na mbili alfajiri, wakati madereva wengi jijini Nairobi hawajawasha injini, barabara zinazoelekea Eneo la Viwandani huwa tayari zimejaa wasafiri. Wengi huenda kwa miguu, makundi kwa makundi, kutoka Mukuru, Kibera na mitaa ya Eastlands. Katikati yao hupenya watu wachache walio juu ya baiskeli: bawabu anayerejea nyumbani baada ya zamu ya usiku, muuza maziwa mwenye mitungi iliyofungwa kwa mipira kwenye keria, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetia zana zake katika gunia. Aghalabu hawana kofia ya kujikinga wala vazi la kung'aa gizani. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba jiji wanalolihudumia liliwahi kuwapa ahadi kwa maandishi.

Ahadi hiyo ilitolewa mwaka 2015, enzi za gavana wa kwanza wa Nairobi, Dkt Evans Kidero, wakati serikali ya kaunti ilipozindua sera yake ya uchukuzi usiotumia injini. Sera ilikusudia kwamba kufikia mwaka 2025 baiskeli iwe inabeba asilimia 10 ya safari za umbali usiozidi kilomita 15, na kwamba nusu ya safari za hadi kilomita tano ziwe za miguu. Ilikusudia pia kupunguza kwa nusu vifo vya watembeaji na wapanda baiskeli. Juu ya yote hayo, kaunti ilijifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya njia za watu hao na uchukuzi wa umma.

Mwaka 2025 ulifika. Yeyote atakayesimama kando ya Barabara ya Jogoo au ya Ngong kwa nusu saa na kuhesabu hatahitaji mtaalamu wa takwimu kumweleza kwamba baiskeli haijakaribia safari moja kati ya kumi. Sera ilipoandikwa, ilikadiriwa kuwa baiskeli ilibeba safari moja au mbili katika kila mia, na hali haionekani kubadilika sana. Ahadi ni deni, na deni hili limepitisha siku yake ya kulipwa bila hata mtu mmoja kuitwa aeleze.

Swali linalofaa kuulizwa, basi, si iwapo Nairobi inahitaji sera nyingine. Karatasi zipo. Hata kabla ya ile ya kaunti, Sera ya Kitaifa ya Uchukuzi ya mwaka 2009 ilikuwa imekiri kwamba watembeaji na wapanda baiskeli walikuwa wamesahauliwa. Swali ni kwa nini ahadi zilizo wazi namna hii hukosa mtu wa kuzidai. Jibu laweza kupatikana mitaani kwa wepesi zaidi kuliko katika ofisi za wahandisi.

Jinsi barabara ilivyobadilika

Kenya haikuwa ngeni kwa baiskeli. Neno bodaboda lenyewe, ambalo leo humaanisha pikipiki, lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia na Malaba, ambako vijana waliwavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kutoka huko biashara hiyo ilienea hadi Kisumu, Kakamega, Bungoma na miji mingine ya magharibi, na ikawapa riziki maelfu ya vijana waliokosa ajira. Ile baiskeli nzito nyeusi iliyobandikwa jina Black Mamba ilikuwa gari la familia, lori la shamba na ambulensi ya kijiji.

Wachumi wameonyesha kwamba maendeleo hayo hayakuja kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipunguza ushuru wa baiskeli kutoka nje, na mauzo yakapanda mno katika muda mfupi. Mwananchi wa kawaida alikuwa akiitaka baiskeli siku zote. Kilichomzuia ni bei.

Kisha mkondo ukageuka. Katika bajeti ya mwaka 2008, aliyekuwa Waziri wa Fedha Amos Kimunya aliondoa ushuru wa thamani (VAT) kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizozidi 250cc. Lengo lilikuwa zuri: kuwapa vijana kazi na kuvifikia vijiji ambavyo matatu haziendi. Matokeo yanajulikana. Pikipiki zilimiminika nchini, na mwendesha baiskeli aliyekuwa akibeba abiria Kisumu ama aliinunua au akaachwa nyuma.

Historia hiyo fupi ina funzo. Watu hawakuiacha baiskeli kwa sababu ya utamaduni wala kwa sababu Mkenya ni mvivu wa kukanyaga pedali. Waliiacha kwa sababu maamuzi ya bajeti yalirahisisha chombo kingine, na kwa sababu barabara zilizojengwa baadaye zilikifanya chombo chao kuwa hatari. Kilichoharibiwa kwa maamuzi ya serikali chaweza kutengenezwa kwa maamuzi ya serikali, mradi awepo wa kuyadai.

Njia zinazokatika

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichofanywa. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, ilijengwa ikiwa na njia za watembeaji na wapanda baiskeli katika baadhi ya sehemu. Barabara ya Outer Ring, inayopita katika mitaa yenye watu wengi mno upande wa mashariki, nayo ilipanuliwa ikiwa na njia hizo. Huko Gigiri, ambako Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lina makao yake makuu, barabara ya UN Avenue ilitengenezwa kwa ushirikiano na Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA) ili iwe mfano wa kuigwa.

Katikati mwa jiji, barabara ya Luthuli ilipunguziwa magari mwaka 2019 na kuongezewa nafasi ya waendao kwa miguu. Idara ya Huduma za Nairobi (NMS), iliyosimamia baadhi ya majukumu ya jiji kuanzia mwaka 2020 hadi 2022 chini ya Jenerali Mohammed Badi, iliondoa maegesho kadhaa ya magari na kutandaza matofali ya kabro kwenye barabara kama Kenyatta, Wabera na Muindi Mbingu. Wapo waliolalamika kuhusu maegesho yaliyopotea, lakini mtu aliyezoea kurukaruka kati ya mitaro na magari aliona tofauti siku ile ile.

Tatizo ni kwamba vipande hivi havijaunganishwa. Mwendesha baiskeli anayetoka Umoja kwenda kazini Eneo la Viwandani hukuta njia nzuri kwa muda, kisha njia hiyo huishia kwenye mtaro usio na kifuniko, kwenye kituo cha matatu, au kwenye ukingo wa saruji ulio juu kiasi cha kumlazimu kushuka na kuibeba baiskeli yake. Penye njia iliyo kamili, pikipiki huigeuza kuwa mkato wa kuepa msongamano, magari huegeshwa juu yake, na wachuuzi, ambao nao wanatafuta riziki, hutandaza bidhaa zao. Njia ya baiskeli hupimwa kwa sehemu yake mbovu zaidi. Mtu hawezi kuendesha salama kwa kilomita nne kisha akaweka roho yake rehani kwa kilomita moja, asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki.

Wakati huo huo, miradi mikubwa imeendelea kumpendelea mwenye gari. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Anayelipa ada hupita juu kwa dakika chache. Pikipiki, baiskeli na watembeaji hawaruhusiwi humo, jambo ambalo ni la busara kwa usalama wao. Lakini walioachwa chini, kwenye Barabara ya Mombasa, ndio walio wengi, na hawakupata uwekezaji unaolingana na huo.

Hesabu ya uhai

Suala hili lingekuwa dogo kama lingehusu starehe tu. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), zaidi ya watu 4,300 walikufa katika ajali za barabarani nchini mwaka 2023, na zaidi ya 4,700 mwaka 2024. Mwaka baada ya mwaka, kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni lile la waendao kwa miguu. Idadi ya wapanda baiskeli wanaokufa huonekana ndogo katika majedwali hayo, lakini isomwe kwa uangalifu: ni ndogo kwa sababu waendeshaji wenyewe ni wachache, na ni wachache kwa sababu wengine wote wameogopa.

Msemo wa kale unasema mwenye nguvu mpishe. Katika barabara za Kenya msemo huo umegeuka kuwa kanuni ya trafiki. Lori halimpishi matatu, matatu hampishi mwenye gari dogo, naye mwenye gari dogo hampishi mwenye baiskeli. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likisisitiza kwamba kila ongezeko la asilimia moja la kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali za kuua kwa takriban asilimia nne. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini. Ni barabara ngapi za mitaani ambako kikomo hicho huheshimiwa usiku, au karibu na lango la shule?

Upo pia upande wa mfuko. Chukulia mfanyakazi anayelipa nauli ya Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh2,600 kila mwezi, au Sh31,200 kwa mwaka, na hapo hajahesabu siku ambazo mvua inanyesha na nauli inapanda maradufu. Ikiwa kazini kwake ni umbali wa kilomita tano, baiskeli inayokwenda mwendo wa kilomita 15 kwa saa ingemfikisha kwa dakika 20. Kwa familia ya kibarua, tofauti hiyo ni karo, kodi ya chumba, au unga wa mwezi.

Ndiyo maana kuwahimiza watu wapande baiskeli bila kwanza kuwapa njia salama hakufai kuitwa kampeni. Ni kumtuma mtu vitani bila ngao. Anayewatetea wapanda baiskeli kwa dhati huanza na barabara, si na hotuba kuhusu faida za mazoezi.

Nani husema kwa niaba ya nani?

Nairobi haikosi wapenzi wa baiskeli. Vikundi kama Critical Mass Nairobi vimekuwa vikikusanya mamia ya watu kuendesha pamoja jijini, kwa mfano wa harakati iliyoanzia San Francisco, Marekani, mwaka 1992. Msituni Karura wikendi hakukosekani baiskeli za gharama kubwa. Tangu mwaka 2018, Umoja wa Mataifa umeitenga Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, na siku hiyo viongozi huonekana wakipiga picha juu ya tandiko.

Juhudi hizo zina thamani. Zimeonyesha kwamba barabara za jiji zaweza kutumiwa kwa namna nyingine, na zimewapa ujasiri watu waliodhani wako peke yao. Hata hivyo, kuna pengo ambalo halifai kufichwa. Anayeendesha Jumamosi kwa kujifurahisha ana muda, simu yenye intaneti na ujuzi wa kuandika malalamiko. Anayeendesha Jumatatu alfajiri kwa sababu hana nauli hana lolote kati ya hayo. Wa kwanza anasikika lakini anaweza kuiacha baiskeli nyumbani barabara ikimshinda. Wa pili hawezi kuiacha, na hasikiki.

Kwa miaka mingi viongozi wametumia pengo hilo. Anayedai njia ya baiskeli huambiwa kwamba hayo ni mambo ya wenye nafasi zao, ilhali maskini anahitaji barabara ya lami. Anayeendesha Black Mamba naye huonekana kama mtu aliye safarini kuelekea kwenye pikipiki, kisha gari, ambaye hapana haja ya kumjengea kwa kuwa kesho hatakuwepo. Hivyo baiskeli huhesabiwa kuwa anasa kwa tajiri na aibu kwa maskini, na pande zote mbili hazipati kitu.

Wanawake nao wamekosekana kabisa katika hesabu hiyo. Ni nadra kumwona mwanamke juu ya baiskeli katika saa za shughuli nyingi Nairobi, na sababu si mavazi pekee. Njia isiyo na taa, inayopita nyuma ya kuta na vichaka, haimfai mtu anayeogopa kushambuliwa. Njia ambayo mama anaweza kuipita na mtoto wake bila hofu itamfaa kila mtu.

Funzo la akina mama wa Uholanzi

Wanaopinga hoja hii hupenda kusema kwamba Kenya si Ulaya. Uholanzi, nchi inayotajwa zaidi kuhusu baiskeli, huzungumziwa kana kwamba iliumbwa na njia zake. Sivyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uholanzi nayo ilibomoa nyumba na kupanua barabara ili magari yapite. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani katika nchi hiyo yenye watu wapatao milioni 13, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Mageuzi hayakuanzia kwa wahandisi wala kwa wanamichezo. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza bintiye katika ajali, aliandika makala yenye kichwa kilichomaanisha "Komesheni mauaji ya watoto", na wazazi wakakifanya kichwa hicho kuwa jina la harakati yao. Katika mtaa wa De Pijp mjini Amsterdam, watoto wenyewe walidai barabara zao zifungwe ili wapate pa kuchezea. Akina mama na majirani waliziba njia, wakaandika barua, wakaenda hadi kwa Waziri Mkuu Joop den Uyl. Uhaba wa mafuta wa mwaka 1973, ulioilazimu serikali kupiga marufuku magari siku za Jumapili, uliwapa wananchi nafasi ya kuona jinsi miji yao ingeweza kuwa. Leo Uholanzi ina watu wengi zaidi na magari mengi zaidi, lakini vifo vya barabarani kwa mwaka vimeshuka hadi chini ya 1,000.

Ni vyema kulinganisha hayo na jaribio la Nairobi. Mapema mwaka 2019, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi James Macharia alitangaza kwamba kuanzia Februari magari yangezuiwa kuingia katikati mwa jiji siku za Jumatano na Jumamosi. Amri ilitoka juu, hakuna mtaa ulioiomba, na usafiri mbadala haukuwa umeandaliwa. Iliahirishwa na haikutekelezwa. Kigali, ambako siku zisizo na magari zilianza mwaka 2016, ilianza na asubuhi za Jumapili kwenye barabara chache na kuwaalika wakazi kufanya mazoezi, kisha ikaongeza kidogo kidogo. Kinachoshuka kutoka juu bila kuwa na mizizi chini hakidumu, na chenye mizizi chini chaweza kuanza kikiwa kidogo.

Mlango uko wazi

Katiba ya mwaka 2010 iliwapa Wakenya njia ambayo watetezi wa baiskeli hawajaitumia ipasavyo. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti. Na Mpangilio wa Nne wa Katiba unazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho: yaani karibu kila kitu kinachomhusu mwenye baiskeli katika kilomita yake ya kwanza na ya mwisho.

Muhimu zaidi ni kalenda ya fedha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hutayarisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kila hatua inatakiwa kupokea maoni ya umma. Wanaohudhuria vikao hivyo katika wadi wanajua kwamba mara nyingi viti huwa vitupu. Aliyefika na ombi lililoandikwa vizuri, lenye jina la barabara, urefu wake na saini za majirani mia mbili, ana nguvu kuliko kundi la waendeshaji elfu moja waliopita Jumamosi na kwenda zao.

Mtaa hauhitaji kuanza na barabara kuu. Waweza kuanza na kifuniko cha mtaro, matuta karibu na shule, taa tatu kwenye njia ya mkato, nguzo fupi za kuzuia magari yasiegeshwe juu ya njia, na vyuma vya kufungia baiskeli sokoni ili fundi asiogope kwamba atakuta yake imeibwa. Haya yote hugharimu kiasi kidogo yakilinganishwa na kilomita moja ya barabara kuu, na diwani anaweza kuyaonyesha kwa wapiga kura kabla ya muhula wake kwisha.

Aidha, ni sharti mwenye baiskeli asijitenge na mwenye miguu. Wawili hawa hutumia njia ile ile na hugongwa na magari yale yale. Wapanda baiskeli peke yao ni wachache mno kuweza kumtisha mwanasiasa yeyote. Wakiungana na watembeaji, ambao ni takriban wanne kati ya kila wasafiri kumi wa Nairobi, wanakuwa kundi ambalo hakuna gavana anayeweza kulipuuza.

Kisingizio kinachojulikana

Kaunti ina jibu lake tayari: fedha hazitoshi, na barabara nyingi kubwa si zake. Upo ukweli ndani yake. Barabara zimegawanywa kati ya kaunti, KURA na Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA), na mkazi anayelalamika kuhusu shimo hupelekwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mgawanyo wa ushuru wa ukarabati wa barabara, ambao uliongezwa mwaka 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta, umezua mvutano mkali. Katika mwaka wa kifedha wa 2024/2025, magavana na Bunge la Taifa walizozania Sh10.5 bilioni za hazina hiyo hadi wakafikishana mahakamani.

Katika mvutano huo, pande zote mbili zilizungumza kuhusu nani ashike fedha. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ni kiasi gani cha fedha hizo kitaziba mashimo kwenye njia za miguu na baiskeli. Wapo wanaodai kwamba asiyenunua mafuta hana haki ya kudai sehemu ya ushuru huo. Hoja hiyo haina mashiko. Kila anayekula sukuma wiki iliyoletwa sokoni kwa lori, kila anayepanda matatu siku ya mvua, amelipa ushuru huo ndani ya bei. Asiye na gari analipia barabara ambayo hana nafasi juu yake.

Kisumu, mji tambarare wenye historia ndefu ya baiskeli, uliandaa mpango wake wa usafiri endelevu mwaka 2020, unaotoa kipaumbele kwa watembeaji na wapanda baiskeli. Mpango huo nao utakabiliwa na mtihani ule ule uliokabili sera ya Nairobi. Karatasi haiwezi kujitetea yenyewe katika kikao cha bajeti. Huhitaji mtu wa kuinuka na kuuliza ukurasa gani una fedha zake.

Hilo ndilo lililokosekana Nairobi katika miaka 10 ya sera ya 2015. Asilimia 20 ya bajeti iliahidiwa, lakini hakuna wadi iliyojipanga kuhesabu kila mwezi Juni iwapo imetolewa. Lengo la asilimia 10 liliwekwa, lakini hapakuwa na mtaa uliohesabu baiskeli zake. Serikali yoyote, hata iliyo na nia njema, huelekeza fedha mahali panapopigwa kelele, na mwenye gari aliye kwenye msongamano hana haya kupiga kelele.

Kabla ya kuandikwa kwa lengo jingine la mwaka 2035, ingefaa kaunti itoe kwanza hesabu ya lile lililopita: ni kilomita ngapi zilizojengwa, ni ngapi zilizounganishwa, ni ngapi ambazo bado zinapitika, na zilitumia sehemu gani ya bajeti. Wakazi nao, badala ya kusubiri mwaliko, wanaweza kuanza hesabu hiyo mtaani kwao kwa kalamu na daftari. Bawabu anayerejea Mukuru alfajiri hana muda wa kuhudhuria kikao cha saa nne asubuhi. Walio na muda huo wamwendee, wamuulize ni wapi hushuka kwenye baiskeli yake na kuibeba, kisha wapeleke orodha hiyo kwa diwani kabla ya Aprili 30.